Vipimo vya Penseli

Mwanangu Chelangat,

Nisamehe kwa ukimya wangu. Watu huomba radhi ya namna hii wakiwa wametenganishwa na safari. Mimi naiomba ukiwa bado chini ya paa langu, na utaondoka kesho asubuhi. Kwa miezi minne tumekula meza moja, na katika miezi hiyo nimekuambia "habari za asubuhi", "nipe chumvi" na "funga mlango", basi. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya barua ya kile chuo cha mapishi cha Mombasa. Sikukasirika. Niliitia sahihi fomu yako bila kusema neno kwa sababu sikuwa na uso wa kusema nawe. Sababu yake ndiyo ninayoiandika jioni hii, wewe ukiwa umekwenda kumuaga senge yako, na ningependa niimalize kabla hujarudi.

Habari za sanduku, nguo za joto la kule na mahali pa kuficha nauli sitaziandika. Senge, dada yangu, amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia kesho kituoni mbele ya watu. Mimi nataka kuandika juu ya mkate.

Unakumbuka jinsi mashine ile ilivyofika. Mke wa meneja wa shamba la chai alipokuwa akirudi kwao Ulaya, aliwaita wafanyakazi wa zahanati, mama yako akiwa muuguzi wao, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja katika vile visivyoingia kwenye masanduku. Wenzake walichagua mapazia na sahani. Mama yako Rael alichagua kisanduku cheupe chenye kidirisha cha kioo juu yake, ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Alikibeba kichwani hadi nyumbani. Ndani mlikuwa na sufuria ndefu yenye kikono kidogo cha kukandia, na kijitabu cha Kiingereza. Nilimwambia kwamba amechukua redio isiyoimba.

"Itaimba Jumamosi," akasema.

Jumamosi iliimba. Aliiweka jikoni, akamwita fundi avute waya wa umeme kutoka nyumba kubwa kupitia dirishani. Majaribio ya kwanza sikuyaona, kwa maana mwanamume wa rika langu haingii jikoni. Nilichoona ni mkate uliofika mezani: mrefu, wa rangi ya kahawia, na mwepesi kiasi kwamba wewe, ukiwa bado msichana wa shule ya msingi, uliubonyeza kwa kidole ili uone ukijirudisha. Nilikukataza kuchezea chakula. Kwa miaka minne nilikula mkate ule kila Jumamosi na sikumuuliza mama yako hata siku moja anautengeneza vipi. Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo kuliko yanayofuata.

Alipotutoka nilifunga mlango wa jikoni kwa kufuli. Chakula chetu ukawa unakipikia kwenye kile kibanda cha senge yako, nami sikukuuliza kama kinakutosha. Lakini mashine niliileta sebuleni, nikaiweka kati ya redio na picha yetu ya arusi, nikaifunika kwa kitambaa ambacho mama yako alikifuma mwenyewe. Nilijiambia kwamba mashine si jiko. Ina waya, ina vifungo, ina kitabu cha maagizo. Ni jamaa ya redio, na mwalimu mkuu aliyestaafu anaweza kuishughulikia mbele ya wageni bila aibu. Nilitaka Jumamosi irudi. Hilo ndilo nililotaka, ingawa wakati huo ningemwambia yeyote kwamba nachukia tu kitu kizuri kikae bure.

Nikakifungua kijitabu. Ukurasa wa vipimo ulikuwa umechorwachorwa kwa penseli. Sikusoma kilichoandikwa. Niliona tu kwamba kitabu kimechafuliwa, na wewe unajua nilivyoishi na vitabu kwa miaka thelathini: kitabu kilichopigwa chapa hakiandikwi ndani. Ulikuwa umerudi likizo, uko Kidato cha Tatu. Nikakuita. Mengine unayakumbuka kuliko mimi, lakini acha niyaandike kwa mkono wangu, ili usiwe peke yako unayeyakumbuka.

"Si mimi, baba," ulisema. "Ni mwandiko wa mama."

"Usimsingizie mtu aliye kaburini," nikakujibu.

Nikakupa raba, nikakusimamisha hapa mezani, nikakuamuru ufute mwenyewe. Ulifuta polepole sana. Nilidhani ni ukaidi. Ulipomaliza, vumbi la raba hukulipuliza sakafuni. Ulilikusanya kiganjani, ukafunga ngumi, ukatoka nalo nje. Nilikuona kupitia dirishani ukielekea upande wa jiko lililofungwa. Sijui ulilipeleka wapi na sikuuliza.

Baada ya hapo nilioka kwa ukurasa safi. Nilipima kama mfamasia: vijiko viwili vya hamira kama kitabu kilivyosema, vijiko vitatu vya sukari, maji hadi kwenye mstari. Kilichotoka kilikuwa kitu kifupi, kizito, chenye bonde katikati kama mahali alipolala ng'ombe. Nilikula. Jumamosi iliyofuata nilioka kingine, na bonde lilikuwa palepale. Nikaamua kwamba hamira ni mvivu, nikaiongeza. Bonde likawa refu zaidi. Nikaongeza tena. Nilijaribu unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, kwa kuwa senge yako alisema una nguvu, nikapata tofali. Nilijaribu kutia maziwa lala badala ya maji, na nyumba ilinuka hadi Jumatano. Mzee Okelo, yule fundi wa mitambo ya kiwanda aliyetoka upande wa ziwa, ambaye hupita hapa kila Jumamosi akitoka kazini, alipokea kipande kwa adabu, akakizungusha mkononi, akaniuliza kama nina kingine, kwa sababu mlango wake wa nyuma unapigwapigwa na upepo na anahitaji viwili vya kuuzuia.

Wewe uliona mapema kuliko sisi. Likizo moja nilitoka nje wakati mashine inafanya kazi, niliporudi nikakuta umekiondoa kitambaa na kukikunja vizuri kando. Nilikirudisha. Nilidhani umekosea adabu ya sebule. Matundu ya mvuke yalikuwa chini ya kile kitambaa, Chelangat, na mimi nilikuwa nikiuziba mvuke kila wiki ili chombo kipendeze machoni pa wageni, huku mkate ukilowa kichwani kama aliyenyeshewa. Ungaliniambia. Lakini nani angaliniambia kitu katika nyumba hii? Nilikuwa nimekufundisha kwa raba kwamba ukisema kweli utaitwa mwongo.

Mambo yalibadilika mwaka huu, kabla ya mvua ndefu. Okelo alinikuta nikipima hamira vijiko vitatu na nusu. Akaniuliza kama nimewahi kuutazama mkate ukiinuka. Nilimwambia kwamba nafuata maagizo, na kwamba wakati mashine inafanya kazi mimi huenda kukagua chai. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kile kidirisha, akanivutia na mimi kingine. Tulikaa hapo zaidi ya saa tatu. Senge yako alipita, akatuona tumeinama wote wawili juu ya kisanduku kile, akasema tangu azaliwe hajawahi kuona majogoo wakiatamia.

Unga ulikandwa, ukatulia, ukaanza kuinuka. Uliinuka vizuri. Ukapanda, ukapanda zaidi, ukagusa kioo. Mimi nilikuwa karibu kushangilia. Ndipo, kabla moto haujauwahi, ukashuka katikati, polepole, kama mtu anayeketi chini baada ya kuchoka.

"Mwalimu," akasema, "hii mkate haikatai kuinuka. Inainuka mbio sana. Halafu inakosa kitu ya kuishikilia."

Akanieleza kwa lugha ya kiwandani. Alisema huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, haiukandamizi unga kichwani kama kule chini. Ndiyo maana hata maji yetu huchemka upesi na maharage yetu hukawia kuiva. Hamira ileile inayomtosha mtu wa bondeni ni nyingi mno kwa mtu wa hapa Kabianga. Nikamwambia kwamba kitabu kimesema vijiko viwili.

"Nani alikuambia hiyo kitabu inajua Kabianga?" akauliza.

Nimefundisha vitabu maisha yangu yote, na swali hilo sikuwa nimelisikia.

Jumamosi iliyofuata nilipunguza. Nilianza kwa woga, robo kijiko, na bonde likapungua. Nikapunguza tena. Nikapunguza na sukari, kwa sababu Okelo alisema sukari ndiyo inayoipa hamira mbio. Nikaongeza maji kidogo, maana hewa yetu hukausha unga. Nikarudi kwenye unga mweupe wa ngano. Nikaacha kitambaa kikiwa kimekunjwa, kama ulivyokikunja wewe. Nikajifunza kufungua kifuniko mashine inapokanda tu, kuugusa unga na kuona kama ni laini kama ncha ya sikio, kisha kukifunga na kutokifungua tena. Ilichukua Jumamosi tisa. Ya tisa, mkate ulifika kwenye kioo ukakaa. Niliukata ukiwa bado wa moto, jambo ambalo si sahihi, nikaubonyeza kwa kidole. Ulijirudisha.

Nilikichukua kijitabu nikaenda nacho dirishani ili niandike vipimo vipya kwenye karatasi ya pembeni, sio ndani yake. Jua la jioni lilikuwa chini, liliingia kwa mshazari. Nilipouinamisha ukurasa niliona maandishi.

Risasi ya penseli ulikuwa umeifuta yote, kama nilivyokuamuru. Lakini mama yako alikuwa na mkono mzito wa kuandika. Miaka yote ile zahanati alijaza fomu zenye karatasi ya kaboni, na asipokandamiza, nakala ya tatu haikusomeka. Alikandamiza hata kwenye orodha ya sokoni. Vijiti vya mwandiko wake vilikuwa vimezama ndani ya karatasi, na raba haifuti shimo. Nilisoma kwa mwanga ule. Hamira: kijiko kimoja. Sukari: kimoja na nusu. Maji: ongeza vijiko vitatu. Usifunike. Gusa unga. Ile saba yake yenye kistari katikati ilikuwa pale kwenye dakika za kupoza. Vilikuwa vipimo vyangu vilevile, Chelangat, vile nilivyovitafuta kwa Jumamosi tisa na miaka miwili ya matofali. Na juu ya safu yote, pale kitabu kilipopiga chapa vipimo vyake, alikuwa ameandika neno moja: *kwetu*.

Basi hukumsingizia. Ulisema kweli, nikakufanya uufute mkono wa mama yako kwa mkono wako, na wewe ulijua unachokifuta. Ndiyo maana ulifuta polepole.

Barua ya Mombasa ilifika wiki ileile. Nilipaswa kukuita siku hiyohiyo. Kila asubuhi nilipanga maneno, na kila asubuhi yalifika mezani yakawa "nipe chumvi". Nimewasimamisha wanafunzi wengi mbele ya darasa wakiri makosa yao kwa sauti. Sikujua ni kazi kubwa kiasi hiki.

Nimekaa nikiyafikiria mengine pia. Ulipoanguka hesabu katika Kidato cha Pili nilikuamsha saa kumi alfajiri kwa muhula mzima. Ulipoanguka tena nikaongeza mazoezi. Mama yako alikuwa akiniambia, "Mpunguzie, baba Chelangat," nami nilimwona kama mtu asiyejua shule. Alikuwa amekwisha kujifunza jambo lile jikoni kwake na akaliandika, na mimi sikuingia jikoni. Nilipomwambia Okelo habari hii, alicheka hadi akashika ubavu, kisha akaacha kucheka, akaniambia niende nikakueleze wewe, yeye ni fundi wa mitambo.

Kwa hiyo nakueleza. Nilikukosea. Sikuombi uniambie kwamba yamekwisha. Nakuomba tu ujue kwamba najua.

Nilitaka uwe mwalimu, hilo halijawa siri. Nilipoona barua ya chuo cha mapishi nilisikia kama umeupa mgongo ubao wangu. Sasa naona ulikuwa unamfuata mtu mwingine wa nyumba hii, ambaye alifanya majaribio, akaandika matokeo, akarekebisha, na hakumpigia mtu kelele. Kama huo si ualimu, basi sijui nilikuwa nikifanya nini pale shuleni. Nenda ukiwa na baraka yangu. Hii haijatoka kwa shingo upande kama ile sahihi ya kwenye fomu.

Nimefikiria jambo moja litakalokufurahisha. Mombasa iko chini, usawa wa bahari. Huko kijitabu kitasema kweli. Huko vijiko viwili vitakuwa viwili, na ukioka kwa kipimo cha mama yako mkate utabaki umelala kama mgonjwa. Usishangae, na usidhani mama yako alikosea, wala usidhani waliokipiga chapa kitabu walikuwa wajinga kama nilivyowaita mimi mbele ya Okelo. Kila mmoja aliandika kwa hewa yake. Watakapokuambia huko kwamba watu wa bara hamjui kuoka, pima upya kimyakimya, na ukirudi huku juu, pima tena. Mimi nilitaka kipimo kimoja kiniongoze kila mahali. Kimenigharimu.

Ndani ya sanduku lako, chini ya kile kitabu chako cha nyimbo za kanisa, utakikuta kijitabu. Mashine inabaki kwangu kwa sasa, maana nimeanza kuielewa, lakini kijitabu ni chako. Nimevinakili vipimo kwa ajili yangu. Kisha nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nishike kitabu: nilichonga penseli nikaandika ndani yake. Niliipitisha penseli juu ya vijiti vya mama yako, mstari kwa mstari, nikifuata mikunjo yake mahali mkono wangu ulipotaka kunyoosha. Hamira, sukari, maji, usifunike, gusa unga, dakika saba. Neno la juu sikulipitia. Bado ni shimo tupu kwenye karatasi. Ukiinamisha ukurasa dirishani utaliona. Hilo ni lako kuliandika, ukitaka, siku utakayotaka.

Limebaki moja. Jumapili iliyopita tukitoka kanisani uliniuliza jikoni kwa mama kutakuwaje ukishaondoka, nami nikajifanya nimemwona mtu wa kumsalimu. Senge yako anataka tupabomoe, tujenge zizi la ndama, na kusema kweli paa limeanza kuoza upande wa mvua. Anasema pia kwamba mzee wa rika langu akionekana akichochea moto jikoni, watu wa kutoka hapa hadi Chepilat watapata la kuzungumza. Nadhani watazungumza. Lakini sebuleni kuna baridi, unga hukawia, na mama yako hakuipeleka mashine kule bila sababu: kuta zile zilikuwa na joto la moto wa asubuhi hadi saa kumi. Jana ulipokuwa sokoni niliifungua kufuli. Sikuingia. Nilisimama mlangoni. Waya aliouvuta fundi bado unaning'inia dirishani, na kwenye kizingiti, pale pembeni, kuna kitu kama vumbi la raba lililoshikana na masizi. Sikuligusa.

Sijaamua, mwanangu. Nikiamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia senge yako. Na kama bahasha itakufikia ikiwa na alama za vidole vya unga, utajua jibu kabla hujaifungua.

Ninasikia lango. Umerudi.

Baba yako